Namba Iliyorukwa

Shangazi yangu akiingia nyumbani kwa mtu kwa mara ya kwanza hatazami viti wala picha za ukutani. Jicho lake linakwenda moja kwa moja nyuma ya mlango wa jikoni. Anataka kujua ufagio umetengenezwa kwa nini, masizi ya sufuria yanasuguliwa kwa nini, mtungi umefunikwa kwa jani gani. Mkaribishe maji, atayanywa na kushukuru, halafu atauliza kwa upole, "Mama, hii kamba ya kutundikia vitunguu ni ya mti gani?" Kabla hujamaliza kujibu, daftari lishatoka mkobani.

Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya miaka ishirini na mitatu. Ofisi ya utafiti wa mimea ilimlipa azunguke kuuliza jinsi watu wanavyotumia mimea katika maisha ya kila siku, na kuyaandika majibu yao kabla wenyewe hawajayasahau. Si dawa. Wengi hukosea hapo. Wakisikia anauliza habari za majani wanaanza kumwonyesha magoti yanayouma. "Mimi sitibu," huwaambia. "Mimi nauliza tu." Mswaki unaukata kwenye mti gani? Mkeka unautia rangi kwa gome gani? Ndizi unaziivisha kwa majani gani, na kunguni unawafukuza kwa nini? Swali lake la mwisho ni lile lile siku zote: nani alikufundisha?

Kila mmea aliouandika alikata tawi lake, akalilaza katikati ya magazeti ya zamani, akalibana kwa mbao mbili na mkanda mpaka likauke bapa kama kitambaa kilichopigwa pasi. Kwa hiyo mtaani wanamwita Bi Magazeti. Kila mwezi alinunua kilo kadhaa kwa muuza karatasi chakavu, mzee mmoja wa mkokoteni, na kwa muda mrefu watu walidhani anafungia karanga.

"Bi Magazeti, leo nina habari mbichi kabisa," mzee alikuwa akimwambia. "Za mwaka juzi."

"Mvua ilinyesha?"

"Ilinyesha ikakatika."

Nilihamia kwake nilipoingia kidato cha kwanza, kwa sababu shule iko karibu na kwake kuliko kwa baba, ambaye ni mdogo wake. Nyumba ina vyumba viwili. Changu kilikuwa pia cha mimea. Mbao za kubania zilikaa chini ya kitanda changu na marundo yaliyokauka yalikaa juu ya kabati, kwa hiyo nililala katikati kama jani jingine. Nilipenda. Niliamka na maswali. Kwa nini jani hili lina manyoya upande mmoja tu? "Muulize mwenyewe, mmelala naye," shangazi alijibu huku anatafuta viatu.

Kitu kimoja tu sikukielewa, nacho ni likizo zake. Watu wengine wakipata likizo huenda kwa ndugu zao. Shangazi alibeba begi tupu, akapanda basi, akarudi baada ya wiki mbili amekonda na begi limejaa. Baba alikuwa akimpigia simu kulalamika. "Dada, hiyo likizo yako ina mume? Mlete basi tumwone." Mama Mchicha, jirani anayeuza mboga kwenye meza mbele ya nyumba yetu, alikuwa na hakika kabisa. "Ana mzee wake huko," aliniambia. "Mwache ale ujana wake wa mwisho." Na mimi, kwa akili zangu, nikaanza kumtafuta huyo mzee. Nilinusa begi. Lilinuka karatasi.

Jumamosi moja mwaka jana nilikuwa natafuta gundi chumbani kwake nikavuta sanduku la bati lililokuwa chini ya kitanda. Halikufungwa. Ndani kulikuwa na vijitabu, vyote sawa, jalada la kijani, kila kimoja na muhuri wa ofisi yake. Vilipangwa kumi kumi na kufungwa kwa kamba. Juu yake lilikuwa daftari la shule lenye orodha ya shule na zahanati, na alama ya vema mbele ya karibu kila jina. Nilihesabu alama, nikahesabu vijitabu, nikapata mia moja themanini na tatu. Orodha ilikuwa na mia mbili.

Nilitoka na kimoja mkononi. Yeye alikuwa uani, anachambua mchele kwenye ungo.

"Shangazi, hivi vyote vya nini?"

Vidole vyake vilisimama. Alikitazama kijitabu, kisha akautazama ukuta wa Mama Mchicha.

"Tuingie ndani," alisema. "Na ufunge mlango."

Tulikaa mezani. Nilidhani nitapigwa. Badala yake aliniambia nilete vijiko vitano na nikate vikaratasi vitano. Alipanga vijiko kwa mstari, na mbele ya kila kijiko akaweka kikaratasi chenye namba: moja, mbili, tatu, nne, tano.

"Hivi ni mimea," alisema, akigusa vijiko. "Kila mmea nikiukata, naufunga namba kwa uzi. Namba hizo naziandika mapema nyumbani, nazitunga kama shanga, kwa hiyo haziwezi kukosewa. Halafu kwenye daftari naandika namba hiyo hiyo na maneno ya watu: huu wanafanyia hivi na hivi. Ofisini wanachukua mmea namba tatu na maneno namba tatu, wanaviweka pamoja. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Sasa tazama." Aliandika kwenye karatasi nyingine moja, halafu tatu, halafu nne. "Daftarini nimeruka namba mbili. Kwenye uzi sikuruka. Nini kimetokea?"

Nilikaa nikasogeza vijiko. Ilinichukua muda. Kijiko cha pili kimeandikwa namba tatu daftarini, lakini shingoni kimefungwa namba mbili. Ukitafuta wa namba tatu, unakuta kijiko kingine, kilichofuata. Na hicho nacho maneno yake yameandikwa namba nne. Kila kijiko kilikuwa kimevaa nguo za jirani aliyekitangulia.

"Mpaka wapi?" niliuliza.

"Mpaka mwisho wa safari. Mimea ishirini na mitatu."

Ilikuwa miaka minane iliyopita. Mvua ilikuwa inanyesha, wanawake wamejazana chini ya paa la ghala, wote wanaongea kwa mpigo, kila mmoja anataka mmea wake uandikwe kwanza. Alikuwa ameandika mia tatu na arobaini. Uliofuata akauandika mia tatu arobaini na mbili. "Sijui kwa nini," alisema. "Labda mtu aliniuliza jambo. Labda nilicheka. Nakumbuka siku ile nilicheka sana."

Nilisema, kwa ujinga wangu, kwamba mtu yeyote anaweza kukosea namba moja.

"Kukosea si kitu," alisema. "Mimi niliona. Ofisini, wakati wa kupanga, mmea mmoja ulibaki hauna maneno, na maneno ya mwisho yalibaki hayana mmea. Mtu mwenye akili angekaa chini akajiuliza. Mimi nikaandika kwamba huo mmea wa mwisho umepotea njiani, na ule usio na maneno nikauweka kando. Nikaenda nyumbani kupika."

Mwaka uliofuata ofisi ilichapa kijitabu cha kurasa arobaini, chenye michoro mizuri, kikapelekwa shule na zahanati za sehemu kavu, ambako watu hupata shida ya mboga miezi ya jua. Shangazi alikifungua mbele yangu ukurasa wa kumi na saba. Nililiona jani pana lenye meno pembeni na mshipa mmoja mwekundu katikati. Chini yake iliandikwa kwamba majani yake machanga huchemshwa yakawa mboga, hasa mboga nyingine zikikosekana.

"Mboga ni mmea uliotangulia," alisema. "Huu ni wa kunguni. Wanauponda wanapaka kwenye nyufa za kitanda. Kule nilikouandika hata mtoto anayetambaa hauwekei mkono. Lakini hawa waliopelekewa kitabu kwao unaota tu barabarani, hawana kazi nao, hawaujui. Wakaona ofisi imesema ni mboga. Imepiga na muhuri."

Barua ilitoka kwa mwalimu mmoja. Shangazi alikuwa na nakala yake kwenye sanduku lile lile. Mwalimu aliandika kwa adabu sana, akaanza kwa kuitakia ofisi afya njema. Akasema katika kaya moja watu wanne waliugua baada ya kula majani ya ukurasa wa kumi na saba, na mtoto mmoja wa miaka sita amefariki. Akamaliza: *naomba kuuliza kama ukurasa huo uko sahihi.*

Shangazi alilichukua daftari lake la zamani siku hiyo hiyo, akahesabu kwa kidole, akafika mia tatu na arobaini, akaona. Alikwenda kwa mkuu wa ofisi na daftari mkononi. Mkuu, ambaye ni mdogo kwake kwa miaka kumi, alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mama, mtoto anaweza kufa kwa lolote. Ofisi haiwezi kujianika. Tutasahihisha kwenye chapa ya pili." Chapa ya pili haijatoka mpaka leo. Barua ilijibiwa kwa mistari miwili, kwamba suala linafanyiwa kazi.

Basi shangazi akaamua kuifanya hiyo kazi kwa miguu yake. Kila likizo alikwenda shule moja baada ya nyingine, zahanati moja baada ya nyingine, akisema ofisi inakusanya vijitabu vya zamani kwa sababu vipya vinakuja. Mimi nilikuwa nikimtafutia mzee wa mapenzi.

"Kwa nini huwaambii ukweli?" niliuliza.

"Nikimwambia mwalimu mmoja, kesho liko ofisini. Keshokutwa sina kazi, na vijitabu viko huko huko, na nauli ya kuvifuata sina." Alivikusanya vile vikaratasi vya namba akavikunja kunja. "Hiyo ndiyo sababu ninayojiambia. Ya kweli ni kwamba naogopa."

Vilikuwa vimebaki kumi na saba. Vingi kati ya hivyo vilipotea, viliungua, au viliibwa. Kimoja alijua kilipo, na hakukipata. Alinipa daftari lake jingine nisome mwenyewe, akaenda kuumalizia mchele wake.

Ulikuwa ukurasa kama kurasa zake zote, kwa mwandiko wake uliosimama wima:

*Mmea: ule wa ukurasa wa 17.*
*Sehemu inayotumika: majani machanga.*
*Namna ya kuandaa: kuchemsha, kutia chumvi.*
*Walikula: mama, bibi, watoto wawili. Mdogo alipewa kwanza kwa sababu alikuwa analia njaa.*
*Nani alikufundisha: Ninyi.*

Nilisoma neno hilo la mwisho mara nyingi. Nilimfuata uani.

"Ulikwenda kwa huyo mama?"

"Nilikwenda."

"Ukamwambia?"

"Nilikwenda na maneno yangu nimeyapanga vizuri. Nikakaa kwenye kigoda chake. Akaniletea maji. Nikafungua mdomo, yakatoka yale niliyozoea kusema." Alipepeta ungo mara moja, pumba zikaruka. "Mimi sijui kuingia jikoni kwa mtu bila kuuliza."

Yule mama alikuwa na kijitabu kimoja, mwalimu alimpa. Alikitunza kwenye mfuko wa plastiki kwa sababu mtoto alikuwa akikipenda kwa ajili ya picha, na alikuwa amechorachora ndani kwa mkaa. Shangazi alipomwomba, mama alikikumbatia kifuani akasema hiki hakiendi popote. Shangazi akanywa maji, akashukuru, akaondoka.

Tangu siku hiyo nilijua shangazi analala juu ya nini. Sikumwambia baba. Shangazi aliendelea na kazi, mimi na shule, na mwezi wa nne mwaka huu alisafiri tena akarudi na viwili. Aliviweka sandukuni, akaweka alama zake. Kumi na tano, alisema. Uso wake ulikuwa karibu na furaha, na mimi nilianza kuamini kwamba jambo hili lina mwisho.

Wiki ile ile mzee wa mkokoteni alileta karatasi zake. Shangazi alikata kamba ya mtumba huo mlangoni, akaanza kuchambua: magazeti upande huu, makaratasi mengine upande ule ya kuwashia moto. Mimi nilikuwa nafua. Niliona mgongo wake umeacha kucheza.

Mkononi alikuwa na karatasi ya fotokopi. Ilikuwa nyeusinyeusi, ya kopi iliyotolewa kwenye kopi, lakini jani lilikuwa lile, meno pembeni, mshipa katikati. Ukurasa wa kumi na saba. Juu, mtu aliandika kwa peni: *Kazi ya nyumbani. Tafuta mmea huu karibu na kwenu.*

"Mzee," shangazi aliita. Yule mzee alikuwa ameshageuza mkokoteni. "Mtumba huu umetoka wapi?"

"Umetoka kwangu."

"Kabla ya kwako."

"Ah, Bi Magazeti." Alicheka, kisha akamwona usoni akaacha. "Nachukua shuleni, madukani, majalalani. Nachukua kwa wenzangu, nao wanachukua kwa wenzao. Karatasi haina kwao."

Alipoondoka, shangazi alikaa pale pale mlangoni, miguu imenyooka mbele kama mtoto. Miaka sita alikuwa anateka maji kwa pakacha. Kila kijitabu alichokirudisha kilikuwa kimekwisha kuzaa, na hakuna orodha ya watoto wake.

Asubuhi alivaa gauni lake la kijivu la ofisini akaenda kwa mkuu. Alirudi kabla ya saa sita. Mkuu alimwambia, "Mama, umebakiza miaka mitatu upate kiinua mgongo chako. Nyamaza, ukipate." Nilimuuliza amejibu nini. Alisema ametoka tu, na njiani amepitia kituo cha redio.

Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini nimegundua kwamba anayeyafichua naye huumbuka vile vile.

Kipindi kilikuwa Alhamisi saa tatu asubuhi, kile cha akina mama, ambacho kwa kawaida huongelea mapishi na mawifi. Shule zilikuwa zimefungwa. Nilikisikiliza kwenye meza ya Mama Mchicha, ambaye redio yake haizimwi. Mzee wa mkokoteni naye alikuwepo, anakula mua. Mtangazaji, dada mwenye sauti laini, alimkaribisha mgeni wake akamuuliza kama ni kweli ana siri ya urembo ya majani.

"Sina," sauti ya shangazi ilisema. Kwenye redio ilikuwa nyembamba kuliko nyumbani. "Nimekuja kuwaambia watu wasile mmea fulani."

Alieleza jani, meno yake, mshipa wake mwekundu. Alieleza kijitabu cha kijani na ukurasa wa kumi na saba. Alisema mtoto amekufa. Akasema mimea mingine ishirini na miwili nayo ina maneno yasiyo yake, akaisoma yote, mmoja mmoja, ukurasa kwa ukurasa. Mtangazaji alijaribu kumkatiza kwa muziki mara mbili. "Subiri kidogo, mwanangu," alimwambia, akaendelea. Mwisho akasema, "Aliyekosea si mchoraji, wala si walimu waliowasomea. Niliruka namba. Ni mimi."

Mama Mchicha alikuwa ameshika fungu la mboga hewani. Hakuliweka chini.

Simu zikafunguliwa. Wa kwanza alikuwa mwanamume. "Mimi mke wangu ananipikia majani kila siku ya Mungu. Naomba kujua ni namba ngapi." Mzee wa mkokoteni alicheka akapaliwa na mua. Mtangazaji naye alicheka, kwa shukrani. Wa pili akauliza kama mswaki wake ni salama. Shangazi alimwuliza unakaa vipi mkononi na una harufu gani, akamwambia ni salama.

Wa tatu alikuwa mwanamke. Simu ilikuwa inakwaruza.

"Wewe ndiye uliyekaa jikoni kwangu," alisema.

Nilidhani redio imekufa.

"Ndiyo," shangazi alisema. "Ni mimi."

"Nilikupa maji."

"Ulinipa."

"Ukanywa."

"Nilikunywa."

"Ukaniuliza nani alinifundisha, na ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua, mama."

Mtangazaji alisema kitu, dada samahani au nini, lakini hakuna aliyemsikia. Yule mwanamke alipumua kwenye simu. Hakulia. Ningependa kuandika kwamba alisema neno moja la kumpunguzia shangazi mzigo, au hata kwamba alimtukana, maana tusi pia ni kitu cha kushika. Alisema tu, "Basi usije tena." Simu ikakatika, na wakaweka wimbo.

Jumatatu shangazi alipewa barua ya kuachishwa kazi. Kosa halikuwa lile la namba. Kosa lilikuwa kuongea na vyombo vya habari bila kibali. Jumanne gari la ofisi lilikuja kuchukua mali yake: mbao, mikanda, marundo ya juu ya kabati, madaftari yote. Wapakizi walipokuwa wanabeba, nilichomoa daftari lile la miaka minane iliyopita. Nilitaka kuliona kosa lenyewe kwa macho. Sijui nilitegemea nini, labda doa la mvua, labda wino umemwagika. Hakukuwa na kitu. Mia tatu na arobaini, na chini yake, kwa mwandiko safi uliosimama wima, mia tatu arobaini na mbili. Ungeweza kupita hapo mara mia. Nililirudisha kwenye boksi.

Baba alikuja na kumkemea mbele yangu, jambo ambalo sijawahi kuliona. "Dada, miaka mitatu tu. Ungenyamaza miaka mitatu, ukaongea baadaye."

"Na katika hiyo miaka mitatu wangekula wangapi?"

"Hao huwajui."

"Hata yule sikumjua," shangazi alisema. Usiku huo baba alikula kwetu, na asubuhi aliacha nauli yangu ya shule na kwenda zake.

Mtaa nao ulikuwa na lake. Kwa wiki mbili watu waliogopa kila kitu cha kijani. Mboga za Mama Mchicha zilinyauka mezani, akazimwaga, akaleta nyingine, zikanyauka. Siku moja alisimama mlangoni kwetu, mikono kiunoni. "Bi Magazeti, mimi nimekukosea nini? Mchicha wangu una namba? Mama yangu aliuza mchicha huu huu, bibi yangu aliuza mchicha huu huu, leo watu wanaugeuza geuza kama noti bandia."

Shangazi alimwomba radhi. Alitoka akakaa naye mezani kutwa nzima ili watu waone kwamba anakaa hapo. Ilikuwa mbaya zaidi. Wateja wakimwona walivuka barabara.

Siku hizi, tukienda kumjulia mtu hali, kuna wenyeji wanaosogeza mlango wa jikoni kwa mguu, polepole, kama bahati mbaya. Shangazi anaona. Anapewa maji, anakunywa, anashukuru, anautazama ukuta wenye picha.

Lakini karatasi za ukurasa ule zimeanza kuja. Ya kwanza ililetwa na mwanafunzi wa shule nyingine, ameikunja mara nane. Ya pili ilisukumwa chini ya mlango, nyuma yake mtu ameandika neno ambalo sitaliandika hapa. Mzee wa mkokoteni naye anachambua mizigo yake, kila akiikuta anaileta, na hamtanii tena kuhusu habari za mwaka juzi. Shangazi anazifunga kumi kumi na kuziweka sandukuni juu ya vijitabu. Mpaka wiki iliyopita zilikuwa thelathini na nane. Sijui zimebaki ngapi, naye hajui, na sasa hakuna orodha ya kutia alama.

Juzi, Jumapili mchana, alibisha hodi mwanamke mmoja mjamzito ambaye hatumfahamu. Alisema alimsikia shangazi redioni. Alifungua pochi akatoa karatasi iliyochanwa kwenye daftari la mistari. Haikuwa fotokopi. Mtu alikuwa amelichora jani kwa penseli, kwa uangalifu, meno yote, na mshipa ameupaka peni nyekundu. Chini yake aliandika kwa mkono: *mboga ya wakati wa shida, chemsha.* Hakukuwa na namba ya ukurasa. Hakukuwa na muhuri.

Shangazi aliishika karatasi hiyo kwa ncha za vidole, kama anavyoshika jani lililokauka sana.

"Umekula?" aliuliza.

"Bado. Ndiyo maana nimekuja."

"Nani alikufundisha?"

"Wifi yangu."

"Na yeye?"

"Sijui. Nadhani ni jirani yake. Huko kwao wanaandikiana."

Shangazi aliinuka akaenda chumbani. Madaftari yake yote yalichukuliwa, kwa hiyo alirudi na langu la hesabu, ameligeuza nyuma ambako kurasa ziko wazi. Alikaa kwenye ukingo wa kiti akaanza kuvaa viatu.

"Huyo wifi yako," alisema, "anakaa wapi?"